Mjomba alikiri mbele ya mkutano "tumesafisha msitu", kikundi kikafungiwa. Ikabidi drone ya harusi iende porini

Wakuu, heshima zenu.

Naandika hii furaha ikiwa imenijaa mpaka kooni, na nisipoimwaga hapa nitaanza kuwasimulia wateja wanaokuja dukani kupiga passport size. Ni jambo lililonipata mwenyewe, nilikuwepo tangu linaanza mpaka linaisha, na video ninazo. Wale wa kusema "chai" mnakaribishwa, ila sukari mje nayo.

Kwanza mnijue. Niko Tabora mjini, nyumbani Itetemia. Kazi yangu ni picha na video: harusi, send-off, maulidi, mahafali. Nina drone moja ambayo imeshaona maharusi wengi kuliko shehe yeyote hapa mjini. Kibali cha kurusha ninacho, msianze.

Upande wa mama asili yetu ni kijijini, kusini huko kwenye msitu. Kijiji sikitaji, kwa sababu mtakazozielewa mbele. Huko yupo kaka yake mama, Mjomba Mrisho, ambaye ni mwenyekiti wa kikundi cha wafuga nyuki. Kikundi kina kibali cha kijiji cha kuweka mizinga msituni, na asali yao ndiyo ile mnayoletewa huko Dar kwenye chupa za maji mkisikia "asali ya Tabora".

Sasa kuna neno moja nataka mlishike, maana ndilo lililotaka kutumaliza.

Wafuga nyuki wa kwetu wana kazi wanaiita "kusafisha". Kiangazi kikianza, kabla moto wa porini haujaanza kutembea, mtu anazunguka kwenye kila mti wenye mzinga wake. Anapalilia nyasi chini, anafagia majani makavu, anaacha duara la udongo mtupu kuzunguka shina. Moto ukija unafika pembeni ya duara, unakosa cha kula, unapita zake. Nyuki wanabaki salama na mti unabaki mzima.

Hiyo ndiyo kusafisha. Kwa mjomba, mtu asiyesafisha ni mchafu kama asiyeoga.

Tuendelee.

Kukaja mradi wa kufuatilia misitu kwa picha za setilaiti. Ulimleta dada mmoja mtaalamu, nitamwita Veronika. Alikuwa ametoka kufanya kazi kwenye misitu ya milimani, ile ya kijani mwaka mzima. Binti wa watu mstaarabu sana, anasalimia kila mzee shikamoo kabla hajafungua begi.

Ukaitishwa mkutano ofisi ya kijiji. Mimi nilikuwepo kwa bahati tu, nilikuwa nimempelekea mjomba betri ya sola.

Veronika akatandaza picha kubwa mezani. Akaeleza vizuri kwamba ukiutazama msitu kutoka juu unaona majani yameshikana kama paa la nyumba. Paa likitoboka, jua linafika chini na kila kitu kinabadilika: nyasi zinaota, udongo unakauka, wadudu na ndege wanahama au wanakuja wengine. Kompyuta ilikuwa imeweka alama nyekundu kila sehemu paa lilipotoboka.

Wakuu, ile picha ilikuwa na surua.

"Wazee wangu," akasema, "naomba kujua. Haya maeneo nani ameyasafisha?"

Nilimuona mjomba anaweka kofia yake sawa. Uso umechanua. Mzee alidhani leo kazi yao imeonekana mpaka angani.

Akasimama. "Ni sisi, mwanangu. Tunasafisha kila mwaka. Na mwaka huu tumesafisha vizuri zaidi."



Veronika kalamu imeganda mkononi. Kwake yeye, na kwenye lugha ya ofisi zote nchi hii, kusafisha msitu ni kukata miti upate shamba au mkaa. Na huyu hapa mwenyekiti wa kikundi anakiri hadharani, na anatabasamu.

Akauliza tena kwa sauti ndogo, "Na huu mstari mrefu unaokatisha msituni? Ni barabara ya kubebea nini?"

Mjomba akazidi kutuchimbia shimo. "Aaa, hiyo ni njia ya pembe za ndovu."

Mgambo aliyekuwa amekaa nje kivulini akaingia ndani.

Ilibidi mwenyekiti wa kijiji aruke haraka kueleza kwamba mzee anasema habari za zamani za misafara, wapagazi waliobeba pembe kwenda pwani walipita pale, na leo njia hiyo wanaipita wafuga nyuki kwenda kwenye mizinga. Hapo watu wakacheka kidogo. Mgambo akarudi kivulini.

Lakini la kusafisha halikuchekwa. Mjomba alipogundua amesikikaje akaanza kujieleza, jasho linamtoka. Veronika akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali ambalo hata mimi lilinikwamisha.

"Mzee, nakuamini unafagia chini ya mti. Lakini hii picha imepigwa juu. Kufagia chini kunawezaje kutoboa paa?"

Mjomba akavua kofia.

Uamuzi ukatoka: kikundi kisikanyage msituni mpaka mkutano mkuu wa kijiji ukae uamue kama kibali kifutwe. Na asali ya msimu ule ilikuwa tayari inaiva kwenye mizinga.

Wakuu, kama hamjawahi kuona mtu mzima akivuliwa heshima yake polepole, msiombe. Mjomba yule ambaye akipita njiani akina mama wanainama na salamu zao za "mwangaluka", sasa anapita watu wanajifanya kufunga viatu. Watoto wakaanza kumwita Mzee Usafi. Aliacha kwenda hata kucheza bao. Niliumia sana, na niliona aibu kwa sababu kuna siku mimi mwenyewe nilijiuliza kama kweli wamekata.

Siku moja akanipigia simu. "Mjomba, wewe si una lile dege la kupiga bibi harusi?"

Nikamwambia ninalo.

"Basi lilete. Wametusema kutoka juu, na sisi tutazame kutoka juu."

Nikafunga duka nikaenda.

Hapa naomba mnicheke vizuri, maana nilistahili. Niliingia kijijini na mkwara kama waziri. Nikaomba ruhusa kwa mwenyekiti wa kijiji, nikarusha kutoka pembeni ya msitu, watoto wanashangilia. Nikasema kimoyomoyo, leo mtaalamu ananyooshwa. Sikuangalia hata video vizuri kwenye kile kisimu kidogo cha rimoti. Nikaiunganisha moja kwa moja kwenye laptop mbele ya kamati ya kijiji na Veronika mwenyewe.

Kilichotokea ni kwamba nilikuwa nimewapigia ushahidi wa kutufunga, tena kwa ubora wa 4K.

Ilikuwa kiangazi kikali. Miti iko uchi, msitu wote umekuwa mifupa, na chini ya ile mifupa maduara ya mchanga mweupe yanang'aa mpaka yanaumiza macho. Ukitazama unasema hapa pamechomwa mkaa na tanuru wameshafukua.

Nilitaka ardhi inimeze na laptop yangu.

Mjomba akasogea kwenye screen, karibu mpaka pumzi yake ikaacha ukungu. Akaweka kidole katikati ya duara moja.

"Huu ni mzinga wangu," akasema.

Nikazoom. Kweli. Mti umesimama, umepukutika majani, na kwenye tagaa lake limelala gogo la mzinga. Nikahamia duara la pili, mti na mzinga. La tatu, vilevile.

"Mchoma mkaa," mjomba akasema taratibu, "anaanza na mti. Sasa huyu aliyekata hapa mbona kaniachia mti na mzinga wangu?"

Wakuu, kitu nilichompendea Veronika ni hiki. Mtu mwingine angeng'ang'ania. Yeye alivuta kiti akakaa, akatazama ile miti mikavu muda mrefu, halafu akafungua laptop yake kutafuta ile picha ya setilaiti ilipigwa kipindi gani.

Kipindi kilekile. Katikati ya kupukutika.

Akashika kichwa. Akatueleza kwamba kule milimani alikotoka, paa la msitu halivui nguo. Kompyuta yake ilifundishwa kwamba pasipo majani hapana mti. Huku kwetu miti inavua kila kiangazi, na matawi makavu ni membamba sana, setilaiti haiyaoni. Inapita katikati yake inaona chini. Sehemu nyingine chini kuna nyasi na majani makavu, rangi zinachanganyikana. Penye mizinga inakuta duara jeupe limefagiwa kama uwanja wa mkwe, inaweka alama nyekundu.

Kwa hiyo jibu la swali lake likawa hilo. Kufagia hakukutoboa paa. Paa lilikuwa limevuliwa na kiangazi, na kufagia kukaonekana.

Nilitaka kumbeba mjomba mabegani pale pale. Lakini Veronika akasema asubirini kidogo, mimi siwezi kwenda mbele ya mkutano na dhana. Majani yakirudi tupige sehemu zilezile. Zikiziba, mzee ni msafi. Zisipoziba, kuna kitu.

Mwenyekiti wa kijiji akakubali kuusogeza mkutano mkuu mpaka majani yatoke. Ila kufungiwa kukabaki palepale.

Samahani wakuu, kuna mteja aliingia, alitaka picha ya pasi na kavaa miwani ya jua. Nimerudi.

Sasa ndani ya huo muda wa kusubiri, moto ukaja.

Nani aliuwasha hadi leo hatujui. Ulianzia upande wa barabarani, nami siku hiyo nilikuwa kijijini. Mjomba amekaa kwenye kigoda uani, moshi unapanda upande wa mizinga yake, na yeye amekatazwa kukanyaga. Alikuwa anasokota ncha ya shuka lake tu. Sijawahi kumhurumia mtu kama nilivyomhurumia mjomba ile saa.

Mwenyekiti wa kijiji akaja mbio mwenyewe. "Mzee Mrisho, njia za humo ndani mnazijua nyie. Tokeni."

Hakumaliza. Mzee alikuwa ameshachukua panga na tawi bichi. Kikundi kizima kikaingia kwa ile njia ya pembe za ndovu, na kijiji nyuma yao, wakiwemo waliokuwa wanafunga viatu. Walipiga moto kwa matawi mpaka jioni ukalala.

Siku iliyofuata nikarusha drone. Safari hii niliangalia video peke yangu kwanza, nimeshapata adabu.

Chini kote kulikuwa kweusi. Na ndani ya ule weusi, maduara meupe, kila duara na mti wake, kila mti na mzinga wake. Moto ulifika pembeni ya duara ukapita zake, kama mjomba alivyokuwa anasema maisha yake yote.

Nilikaa chini kwenye majivu nikacheka peke yangu.

Halafu tukasubiri majani. Wale wa mikoa mingine labda hamjui, miti yetu ya miombo haisubiri mvua. Joto likikolea mpaka mtu unatafuta kivuli cha nguzo ya umeme, yenyewe inatoa majani mapya, na yanatoka mekundu, rangi ya chai iliyokolea. Inashona paa upya kabla wingu halijaonekana.

Nikarusha tena. Veronika alinipa alama za setilaiti, nikawa nasimamisha drone juu ya kila moja.

Ya kwanza, majani. Ya pili, majani. Tukaenda hivyo, mjomba amesimama nyuma yangu anahema shingoni mwangu kama anasubiri matokeo ya mtoto. Duara baada ya duara limefunikwa, chini hupaoni tena.

Zilibaki sehemu chache ambazo hazikuziba. Nawaambia hili kwa sababu nataka kusema yote yalivyokuwa.

Mojawapo, mti mkubwa aina ya mtundu ulikuwa umeanguka wenyewe kwa uzee. Tulipofika kwa miguu tukakuta chini ya ule uwazi vichipukizi vya mninga vimejaa. Mjomba akachuchumaa akavishika kimoja kimoja. Veronika akaeleza kwamba mninga unapenda jua ukiwa mdogo, hivyo bila mti mkubwa kuanguka, huo mdogo ungebaki unasubiri tu. Tundu dogo kama lile ndio mlango ambao msitu unazalia. Nilikuwa nadhani kila uwazi msituni ni kidonda. Kumbe.

Nyingine zilikuwa zimejipanga karibu na barabara. Pale palikuwa na visiki vya kweli na mabaki ya tanuru. Paa limeondoka, nyasi zimeota ndefu, na alama za moto zilionyesha ulipata nguvu palepale. Hapakuwa na mzinga hata mmoja. Mjomba alitukana Kinyamwezi, sitatafsiri.

Hapo ndipo nilipoelewa hasara yenyewe. Kompyuta ilikuwa imewapa rangi moja watu wanaoulinda msitu na watu wanaoumaliza. Wachoma mkaa walikuwa wamejificha salama ndani ya surua ya wafuga nyuki.

Jumamosi iliyopita mkutano mkuu ukakaa, uwanja wa shule.

Nilibeba ile TV kubwa ya send-off na jenereta, tukaiweka ndani ya darasa, madirisha tukaziba kwa khanga za akina mama. Watu walijaa mpaka wengine wakakaa juu ya madawati. Nikacheza video kwa mpangilio: miti ikiwa mikavu, baada ya moto, halafu majani mekundu. Ilipofika picha ya maduara meupe ndani ya weusi, mama mmoja nyuma akasema, "Yarabi, mizinga yote hiyo ilipona." Basi ikawa minong'ono darasa zima.

Taa ikawashwa. Veronika akasimama mbele, amevaa vizuri kabisa siku hiyo. Akasema yeye ndiye aliyeleta ile picha ya kwanza na yeye ndiye anayeifuta. Kuanzia sasa msitu ule utapigwa majani yakiwa yametoka, na kabla kompyuta haijasema kitu, wafuga nyuki watakwenda kwa miguu kuangalia.

Nikaona anabana tabasamu. Akamgeukia mjomba.

"Mzee wangu, naomba niulize tena. Haya maeneo nani ameyasafisha?"

Mjomba akaweka kofia sawa.

Akasimama taratibu, akageuka akawatazama wote, mmoja mmoja, hasa wale wa kufunga viatu.

"Ni sisi, mwanangu," akasema. "Tunasafisha kila mwaka. Na mwaka huu tumesafisha vizuri zaidi."

Neno kwa neno.

Vigelegele vilivyopigwa mle ndani sijawahi kuvisikia kwenye harusi yoyote niliyopiga, na mnajua nimepiga ngapi. Mwenyekiti wa kijiji hakupata hata nafasi ya kuuliza wanaokubali wanyooshe mikono, maana mikono ilikuwa juu tayari. Kibali kikabaki, na kikundi kikapewa kazi ya kulinda upande wa barabarani.

Nilikuwa narekodi. Kile kipande kimetetemeka mwanzo mpaka mwisho kwa sababu nilikuwa nalia. Sitakihariri.

Jana wameanza kurina asali. Mjomba kanitumia ndoo na ujumbe wa sauti akilalamika kwamba dege langu linawatia nyuki hasira, nisilirushe mpaka wamalize. Hana hata asante, mzee yule. Nimeusikiliza mara nyingi mno.

Nilichojifunza wakuu ni kwamba picha ya kutoka juu ni nzuri, na mimi ndiyo inayonilisha, lakini inaona majani tu. Aliyepo chini yake inabidi uende umuulize. Na ukimuuliza, hakikisha neno lako na neno lake yanazungumza jambo moja, maana mzee wa watu karibu apoteze msitu kwa sababu ya kufagia.

Nyie huko kwenu mna neno gani la kazi ambalo mkilitamka ofisini mnaweza kuondoka na pingu? Liacheni hapa chini tucheke wote. Wa misitu na wa ramani mnirekebishe pia nilipokosea, mimi ni mpiga harusi tu. Nimekaa dukani, ndoo iko chini ya meza, nasoma kila mmoja wenu.